Ferdinand Braun: Baba wa TV ya chogo, na kwa nini gemu za zamani bado zinamhitaji

Ukipita Kibiti mjini jioni, kando ya barabara ya Kilwa, au ukishuka hadi Nyamisati kusubiri boti ya kwenda Mafia, hutakosa kuliona banda la gemu. Ni chumba kidogo cha mabati au makuti, mabenchi mawili, mashine ya PlayStation ya zamani, pedi mbili zilizozungushiwa selotepu, na vijana wanaobishana nani kafunga goli halali. Kwa miaka mingi mbele ya mabenchi hayo ilikaa TV ya chogo, ile nzito yenye mgongo mrefu. Siku hizi chogo zinaondoka na TV bapa zinaingia.

Hapo ndipo linapoanza swali tunaloulizwa mara kwa mara. Mwenye banda amedunduliza fedha, amenunua TV bapa kubwa, ameibeba kwa uangalifu hadi kijijini. Anachomeka mashine yake ya zamani, na picha inayotoka inamkatisha tamaa. Maandishi yamefifia, wachezaji wamenenepa, mpira umekuwa kama yai. Kibaya zaidi, kijana akibonyeza pedi, mchezaji kwenye kioo anachelewa kupiga. Wateja wanahamia banda la jirani lenye chogo, na mwenye TV mpya anaamini ameuziwa bandia.

Mara nyingi TV si bandia na mashine ni nzima. Tatizo ni kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya aina nyingine kabisa ya kioo, na kioo hicho kina mwenyewe. Anaitwa Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1918, kabla TV yoyote haijauzwa dukani. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, namna kazi yake ilivyofika mpaka ndani ya delta ya Rufiji, na mwisho tunaeleza mwenye gemu ya zamani afanye nini apate picha nzuri.

Mtoto wa mtumishi wa mahakama

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda, katikati ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa mahakama, mtu wa kipato cha kawaida. Kijana alisoma katika chuo kikuu cha Marburg, kisha Berlin, na mwaka 1872 akapata shahada ya udaktari. Utafiti wake ulihusu mitetemo ya nyuzi, jambo ambalo mpiga zeze yeyote analijua kwa vidole vyake, ila Braun alilipima kwa hesabu.

Kupata shahada hakukumpa kazi ya chuo kikuu mara moja. Kwa muda alifundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Alikuwa mwalimu aliyependa kueleza mambo magumu kwa maneno mepesi, na mwaka 1875 alitoa kitabu cha hesabu na sayansi kwa ajili ya vijana. Tabia hiyo ya kutaka kitu kionekane, kisibaki kwenye maandishi tu, ndiyo iliyomzalia uvumbuzi wake mkubwa baadaye.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 24 tu, aligundua jambo la ajabu kuhusu baadhi ya mawe yenye madini, kama yale ya risasi iliyochanganyika na salfa. Ukiligusisha jiwe hilo na ncha ya waya, umeme hupita vizuri ukielekea upande mmoja, na ukigeuzwa upande wa pili karibu hukwama. Wavuvi wa delta watalielewa hili kuliko wengi: ni kama dema. Samaki anaingia kwa urahisi, lakini kutoka ni kazi.

Wakati ule wengi hawakuona faida yake. Leo kifaa kinachofanya kazi hiyo hiyo kimo ndani ya chaja ya simu yako. Umeme wa ukutani huenda mbele na kurudi nyuma, lakini betri ya simu inataka umeme unaokwenda upande mmoja. Kifaa hicho ndicho kinachouchuja. Mwalimu wa shule alikuwa amegusa mlango wa elektroniki zaidi ya miaka 70 kabla ya transista.

Chupa ya mwaka 1897

Braun alihama vyuo kadhaa: Marburg, Strasbourg, Karlsruhe, Tübingen. Mwaka 1885 alimwoa Amélie Bühler, wakajaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Mwaka 1895 alirudi Strasbourg kuongoza taasisi ya fizikia. Mji huo wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani, leo uko Ufaransa.

Miaka hiyo umeme wa mitambo ulikuwa umeanza kuwasha taa za miji ya Ulaya. Wahandisi walijua kwamba umeme ule ulikuwa ukienda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde, lakini hakuna aliyeweza kuutazama ukifanya hivyo. Vipimo vyenye mishale ni vizito. Kabla mshale haujasogea, umeme umekwisha geuka.

Braun alitafuta mshale usio na uzito. Aliupata ndani ya chupa ya kioo iliyonyonywa hewa karibu yote. Ukipitisha umeme wa nguvu kubwa katika chupa kama hiyo, miale isiyoonekana kwa macho hutoka kwenye ncha ya chuma ndani yake na kwenda moja kwa moja. Braun aliagiza chupa yenye shingo nyembamba upande mmoja na uso mpana upande wa pili. Ndani ya uso huo palipakwa kemikali inayong'aa ikipigwa na miale. Kwenye shingo akaweka koili ya waya yenye nguvu ya sumaku. Umeme aliotaka kuupima ulipopita kwenye koili, sumaku ilivuta miale juu na chini, na kidoa cha mwanga kikacheza kwenye uso wa chupa. Kwa mara ya kwanza mtu akauona umeme wa mtambo wa mji ukipanda na kushuka kama wimbi la bahari.

Alichapisha maelezo yake Februari 1897. Mwaka huo huo Mwingereza J. J. Thomson alionyesha kwamba miale ile ni chembe ndogo mno za umeme, zile tunazoziita elektroni.

Braun hakuiwekea chupa yake hataza, yaani haki ya kisheria inayomwezesha mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Aliiona kama chombo cha kupimia, akaeleza kila kitu waziwazi ili kila mtafiti aweze kuagiza ya kwake. Tulikumbuke hilo, kwa sababu uvumbuzi wake mwingine ulikwenda njia tofauti, na njia hiyo ilimpeleka mahali ambapo hakurudi.

Simu ya upepo

Mwaka 1898 Braun aligeukia mawasiliano bila waya, ambayo wazee wetu waliyaita simu ya upepo. Guglielmo Marconi, kijana wa Kiitaliano aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikuwa tayari amewashangaza watu kwa kutuma ishara angani. Lakini mitambo yake ya mwanzo ilikuwa na udhaifu. Cheche ya umeme iliyozalisha mawimbi ilikaa kwenye njia ile ile ya antena. Kila cheche ilikula nguvu nyingi, na ukiongeza umeme, nguvu ilipotea zaidi badala ya kufika mbali.

Braun aliiondoa cheche kwenye antena. Aliiweka katika mzunguko wake wenyewe, kisha akaupokeza umeme kwa antena kupitia koili mbili zilizokaribiana bila kugusana. Mizunguko yote miwili akaipima iende kwa mdundo mmoja. Mfano ni mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo, unachoka na bembea haiendi. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake, nguvu kidogo inampaisha juu. Mwezi Septemba 1900 mitambo ya aina hiyo ilipeleka ishara kutoka Cuxhaven hadi kisiwa cha Heligoland, umbali wa kilomita 62 juu ya bahari.

Safari hii hataza zilichukuliwa. Mwaka 1903 makampuni ya Ujerumani yaliyokuwa yakishindana yaliunganishwa kuwa kampuni moja, Telefunken, na hataza za Braun zikawa sehemu ya mtaji wake. Mwaka 1909 Braun na Marconi waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Marconi alikuwa na miaka 35, Braun miaka 59. Sisi tunaofanya kazi ya redio tuna deni kwa wote wawili, ingawa jina la Braun husikika mara chache zaidi.

Kazi yake yafika Rufiji

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, nchi yetu bara ilikuwa koloni la Ujerumani. Mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa na manowari za Uingereza, tarehe 8 Agosti. Sababu ni rahisi kuelewa. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa baharini, na bila mawasiliano meli ni kama mtu aliyepotea mikokoni usiku.

Septemba 20, 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikono ya mto upande wa Salale, ambako mikoko na kina kidogo cha maji viliwazuia Waingereza kuifuata. Mashine zake zilikuwa zimeharibika. Wapagazi Waafrika walitumika kuburuta vyuma vyake hadi Dar es Salaam vikatengenezwe na kuvirudisha, kazi ambayo simulizi nyingi za vita huipita kwa sentensi moja.

Waingereza walifunga milango ya delta kwa miezi. Mwezi Julai 1915 walileta meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, pamoja na ndege. Ndege hizo ziliruka juu ya mikoko zikitazama makombora yanakoangukia, na kupeleka habari chini kwa simu ya upepo ili mizinga irekebishwe. Tarehe 11 Julai, ndege moja ilipigwa ikaanguka, lakini waliokuwemo waliendelea kutuma ishara wakati inashuka. Siku hiyo Königsberg iliishia hapo hapo mtoni. Mabaki yake yalikaa ndani ya delta kwa miaka mingi.

Hivyo ndivyo mikoko ya Rufiji ilivyokuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika Afrika ambapo redio kutoka angani iliongoza mizinga. Chombo kilichobuniwa kuwaunganisha watu kilikuwa kimegeuka kuwa jicho la vita. Na wakati huo huo vita hivyo hivyo vilikuwa vimemnasa Braun mwenyewe.

Mzee aliyekwama ng'ambo

Mwanzoni mwa vita Waingereza walikata nyaya za simu za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Njia muhimu iliyobaki kwa Ujerumani kuzungumza na Marekani ilikuwa kituo cha redio cha Sayville, karibu na New York, kilichotumia mitambo ya Telefunken. Kampuni ya Marconi ilikwenda mahakamani ikidai kituo hicho kinavunja hataza zake. Kama ingeshinda, Sayville kingenyamaza.

Braun alitakiwa kwenda kutoa ushahidi. Alikuwa na miaka 64 na afya yake haikuwa nzuri. Desemba 1914 alivuka bahari ya Atlantiki katikati ya vita. Kesi ilivurugwa na vita, na njia ya kurudi ilikuwa chini ya manowari za Uingereza. Akabaki Brooklyn, New York, kwa mwanawe aliyekuwa akiishi huko.

Aprili 1917 Marekani nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani. Sasa Braun alikuwa raia wa nchi ya adui. Hakufungwa, aliachwa aendelee kuishi Brooklyn, lakini kwenda nyumbani hakukuwezekana. Mke wake Amélie alifariki Ujerumani mwaka 1917, naye akiwa ng'ambo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Aprili 1918, Braun alifariki, miezi saba kabla vita havijaisha. Majivu yake yalirudishwa Fulda baada ya vita, akazikwa alikozaliwa.

Uvumbuzi uliolindwa kwa hataza ndio uliompeleka mahakamani na kumwacha ugenini. Chupa aliyoitoa bure ndiyo iliyoingia karibu kila nyumba duniani.

Chupa yawa televisheni

Kwa kuwa hakuna aliyezuiwa kuitumia, watu wa nchi nyingi waliichukua. Msaidizi wa Braun, Jonathan Zenneck, aliongeza njia ya kukisogeza kidoa pembeni kwa mwendo unaolingana. Urusi, Boris Rosing alianza mwaka 1907 kujaribu kuonyesha picha kwa chupa hiyo. Desemba 1926, Kenjiro Takayanagi wa Japani alifaulu kuonyesha herufi moja ya Kijapani kwenye kioo chake. Nchini Japani TV za chogo huitwa mpaka leo kwa jina la Braun, wakimaanisha bomba la Braun.

Kwetu, Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. TV zote za wakati ule zilikuwa na chupa ya Braun ndani yake. Chogo lile refu ni shingo ya chupa.

Namna inavyochora picha, fikiria fundi wa mikeka. Hatandazi mkeka mzima kwa mara moja. Anaushona ukili mmoja, kisha mwingine chini yake, mpaka mkeka umetimia. Miale ndani ya chogo hufanya hivyo hivyo: inapita kushoto kwenda kulia, inashuka kidogo, inapita tena. Katika mfumo wa PAL uliotumika Tanzania enzi za matangazo ya analogia picha kamili ina mistari 625, na kioo hupitiwa juu hadi chini mara 50 kwa sekunde. Mara ya kwanza inachorwa mistari ya witiri, mara ya pili ile ya shufwa, na jicho linaiunganisha.

Kwa nini gemu ya zamani inapendeza kwenye chogo

Nintendo walitoa mashine yao ya Famicom Japani mwaka 1983. PlayStation ya kwanza ilitoka mwaka 1994, na PlayStation 2, hii iliyojaa kwenye mabanda yetu, mwaka 2000. Zote zilitengenezwa na Wajapani waliokuwa wakiitazama kazi yao kwenye bomba la Braun.

Mashine za mwanzo hazikuwa na nguvu ya kujaza mistari yote. Nyingi zilichora mistari kama 240 tu, zikaipitia ile ile kila mara, na kuacha ufa mwembamba wa giza kati ya mstari na mstari. Kwenye chogo nyufa hizo zilisaidia. Kidoa cha mwanga ni cha duara na kingo zake ni laini, kwa hiyo ngazi za pembe pembe zilionekana kama mstari wa mshazari, na rangi mbili zilizopangwa pamoja zilionekana kama rangi ya tatu. Wachoraji walijua hivyo na walichora wakitegemea hivyo.

TV bapa haina miale. Ina vijidoti vilivyopangwa kama vigae, visivyohama. TV ya mistari 1080 ina vijidoti zaidi ya milioni mbili, wakati picha ya gemu nyingi za zamani ina vijidoti 57,000 hivi. Lazima TV ijaze pengo. Gawa 1080 kwa 240, unapata 4 na nusu. Nusu ya kijidoti haipo, hivyo TV inapaka rangi kwa kukisia na picha inafifia. Gawa 720 au 2160 kwa 240, unapata 3 na 9 kamili, lakini TV nyingi bado hukisia, kwa sababu zinaidhania picha ya gemu kuwa ni nusu ya picha ya matangazo na kuichanganya isivyotakiwa.

Kukisia huko kunachukua muda. Chogo inachora papo hapo umeme unapoingia. TV bapa inaipokea picha, inaihifadhi, inaifanyia kazi, ndipo inaionyesha. Ikichelewa sehemu 5 tu za mia za sekunde, kwenye mchezo wa mpira hiyo ni penalti iliyopotea. Na zile bunduki za kuchezea za gemu za zamani hazifanyi kazi kabisa kwenye TV bapa, kwa kuwa zilitegemea mwanga wa miale ya chogo.

Ukiwa na TV bapa, fanya haya

Kwanza, rekebisha umbo la picha. Gemu za zamani ni za kioo cha 4 kwa 3, TV mpya ni 16 kwa 9. Ukiiacha TV ijaze kioo, kila kitu kinatanuka kwa theluthi moja. Chukua rimoti, tafuta ukubwa wa picha, chagua 4:3. Utabaki na weusi pembeni, lakini mpira utarudi kuwa mpira.

Pili, washa hali ya gemu kama TV inayo. Kama haina, zima vipambo vyote: kulainisha mwendo, kupunguza chengachenga, kuongeza ukali wa picha. Kila kimoja kinaongeza ucheleweshaji au kinaharibu mistari.

Tatu, angalia waya. Waya wa kawaida una vichwa vitatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Ule wa njano unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa katika njia moja, na kuvitenganisha upya ndiko kunakotia ukungu. PlayStation 2 inaweza kutumia waya wenye vichwa vitano, ambao kijani, bluu na nyekundu hubeba picha peke yake. Kama TV yako ina matundu hayo, tofauti ni kubwa. Ingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe uiambie itumie waya huo. Fahamu tu kwamba baadhi ya TV mpya hukataa picha ya mistari 240 kwa njia hii, hivyo omba kuijaribu kabla ya kulipa.

Nne, picha ikitoka nyeusi na nyeupe usikimbilie kwa fundi. Huenda kichwa cha njano kimeingia kwenye tundu la kijani wakati TV inasubiri waya wa vichwa vitano, au diski ni ya mfumo wa NTSC na TV imewekwa PAL. Vyote hubadilishwa kwa rimoti.

Tano, kuhusu vile vikasha vya kugeuza AV kuwa HDMI. Vya bei ndogo vinasaidia TV isiyo na tundu la AV, ila picha haiwi bora, na mara nyingine inachelewa zaidi. Vipo vifaa vilivyotengenezwa makusudi kwa gemu za zamani, kama RetroTINK na OSSC, vinavyozidisha mistari bila kukisia na karibu bila kuchelewa. Bei yake inaweza kuzidi ya mashine yenyewe, kwa hiyo piga hesabu ya banda lako kwanza.

Kama chogo yako bado ni nzima

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa gemu za zamani chogo nzima bado ni chombo bora, na watu wengi wanaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Kwa gemu mpya na kwa mpira wa kisimbuzi, TV bapa inafaa zaidi. Mwenye nafasi anaweza kuweka zote mbili.

Hesabu ya umeme nayo ina uzito wake. Chogo ya inchi 21 hutumia wati kati ya 60 na 100, wakati TV bapa ndogo ya sola hutumia sehemu ndogo ya hapo. Vijijini delta, ambako wengi wanategemea sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama banda litafika saa nne usiku au litazima saa mbili.

Usalama pia. Ndani ya chogo mna umeme unaozidi volti 20,000, na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usiifungue kama si fundi. Chupa haina hewa ndani, hivyo ikipasuliwa vioo huruka. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Chogo iliyokufa isivunjwe nyuma ya nyumba wala kutupwa mtoni au mikokoni, ambako kamba na samaki tunaowala wanazaliana. Mpelekee fundi au mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima.

Viwanda vikubwa vimeacha kutengeneza chogo. Zilizobaki ndizo zilizopo, na kila inayovunjwa haina mbadala. Kwa hiyo kabla hujaitoa nje, ichomeke kwanza, weka gemu ya zamani, na uitazame picha yake kando ya TV mpya. Baada ya hapo utaamua mwenyewe ipi ibaki bandani.